Taa: Hakuna

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu
Chaji asubuhi 92. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Afande Alum amenipa daftari hili leo. Amepiga mistari kwa rula mwenyewe, chaji, kilomita, taa, na anataka nijaze kila siku kama alivyokuwa akijaza bwana yangu. Kujaza ni kitu cha dakika moja. Ukurasa unabaki mweupe na mimi nasubiri sana ndani ya gari, mwanangu Tresor amelala kifuani. Nitaandika na mengine, Kakule akirudi asome ajue.

Bwana yangu Kakule yuko kwetu Butembo. Alikwenda kumzika baba yake, ni wiki ya tatu sasa na njia ya kurudi si nzuri. Kazi hii ni yake: kutoa mabinti wawili wa Afande hapa Luzira, kuwafikisha shuleni Kisugu, kuwarudisha jioni. Chumba tunacholala nyuma ya nyumba ya Afande kinakwenda pamoja na kazi. Kwa sababu Kakule alinifundisha kuendesha na permiti ninayo, Afande amesema nishike usukani mpaka muhula uishe. Nikishindwa, ataleta dereva mwingine, na dereva atahitaji pa kulala. Alisema bila ubaya. Ni mama, lakini ni askari, kitu anakisema mara moja.

Gari ni la umeme. Lilitumika Japani kwanza, ndiyo likaja huku, na maandishi yote ya ndani ni ya kwao. Halingurumi. Ukiliwasha, mwanamke anasema maneno kwa sauti laini, maneno yaleyale kila siku. Wasichana wanamwita Senga, kama shangazi wa kufundisha mabinti adabu. Akimaliza wanamjibu pamoja, "Ndiyo, Senga."

Jumanne, 4
Chaji 90. Kilomita 24. Taa: hakuna. Mvua kidogo.

Jumatano, 5
Chaji 88. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Jumatatu, 10
Chaji 91. Kilomita 25. Taa: hakuna.

Mvua imeanza kweli. Alfajiri Odur aligonga dirisha langu. Odur ni mdogo wake Afande, dereva wa askari, anakaa kota ya pili kutoka kwetu. Pikapu ya jirani imekataa kuwaka kwa unyevu. Amekuja na zile nyaya nene za kushtulia betri, nyekundu na nyeusi, akafungua boneti ya gari letu, akaunganisha. Pikapu ikakohoa, ikawaka. Watu waliokuwa wanasubiri lifti wakampigia makofi.

Aliniambia, "Dada, zile gari zingine ziko na betri moja tu. Hii gari yote ni betri. Kugawia kota nzima haiwezi kuisha."

Mimi pia niliona ni kweli.

Alhamisi, 13
Chaji 89. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Odur ameshtua magari mawili. Mke wake ameniachia mtoto wao kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Alilia, nikamnyonyesha pamoja na Tresor, mmoja kulia mmoja kushoto.

Tresor amecheka kwa sauti, mara ya kwanza. Nilijua ni kitu cha kufurahia.

Ijumaa, 14
Chaji 90. Kilomita 24. Taa: hakuna. Kakule alipiga, sauti inakatika. Aliuliza niko sawa. Nikasema niko sawa.

Jumanne, 18
Chaji 87. Kilomita 24. Taa: moja.

Ni ya njano. Nimeichora hapa pembeni: gari dogo, na tumboni mwake alama ya mshangao. Chini yake mstari wa maandishi ya kijapani. Niliwasha na kuzima mara tatu, haikuondoka. Asubuhi Odur alikuwa ameshtua magari matatu, moja la padri aliyekuja kuwaona wagonjwa.

Nilimwonyesha Afande jioni. Akasema Odur ataangalia. Odur akaja na sahani yake ya posho, ugali wa huku, mkononi, akaingiza kichwa dirishani, akaangalia huku anatafuna.

"Hiyo hapana kitu," akasema. "Taa ni kama mtoto. Ukiangalia, inalia zaidi."

Nikafikiria watoto. Hawako hivyo.

Jumatano, 19
Chaji 88. Kilomita 24. Taa: moja, ileile.

Alhamisi, 20
Chaji 60 tu, umeme ulikatika. Kilomita 24. Taa: moja.

Jumatatu, 24
Chaji 86. Kilomita 24. Taa: mbili.

Ya pili ni kobe. Kobe kabisa, na gamba na miguu. Ilitokea tunapopanda kwenda Kisugu, na gari likawa zito. Unakanyaga, halisikii, linajikokota tu, wakati chaji iko. Wa bodaboda walitupita kulia na kushoto. Mmoja alipunguza mwendo akainamia dirisha: "Nyabo," yaani mama, "hilo halijanywa chai?" Wenzake wakacheka mpaka kona.

Aryemo, yule mdogo wa miaka saba, akauliza, "Mama Tresor, gari limechoka?"

Nikamwambia labda.

"Basi tulipumzishe."

Dada yake Lanyero yuko darasa la saba, mwaka huu ana mtihani wa taifa, na kwa hiyo hana subira na mtu. Akasema gari halichoki, ni kitu. Tulifika kengele imeshalia. Lanyero alishuka bila kuaga. Nilimwita arudi. Nikamwambia mtu akikufikisha unaaga, hata kama umechelewa. Akaaga.

Jumanne, 25
Chaji 88. Kilomita 24. Taa: mbili.

Afande amesoma daftari. Aliketi barazani na yunifomu yake, viatu amevua, akafungua kurasa moja moja. Akasema, "Mama Tresor, mimi nilitafuta gari. Sikutafuta taa. Bwana yako aliandika hakuna miezi mitano." Hakupandisha sauti. Nikajibu ndiyo Afande.

Ningeweza kumwambia kwamba Kakule aliendesha wakati wa jua, pikapu zote zinawaka zenyewe. Maneno hayo yamenijia sasa, naandika. Pale sikuwa nayo.

Jumatano, 26
Chaji 90. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Odur ameleta tepu nyeusi ya mafundi umeme. Amekata vipande kwa meno, akafunika kobe, akafunika gari dogo la njano, akafunika na sehemu ya maandishi. Anasema magari yote ya kazini kwao yako hivyo, na yanafika Gulu na kurudi. Ameacha namba ya chaji na spidi. Kwa nje dashibodi ni safi kama ya mtu tajiri.

Alhamisi, 27
Chaji 89. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Ijumaa, 28
Chaji 89. Kilomita 24. Taa: hakuna. Kakule alipiga. Niko sawa.

Jumatatu, 31
Chaji 85. Taa: hakuna. Mvua.

Jumatano, 2 mwezi wa nne
Taa: hakuna. Mvua. Odur magari mawili. Mke wa Odur mtoto wake, asubuhi mpaka saa nane.

Ijumaa, 4
Taa: hakuna. Nimesahau kilomita.

Jumatatu, 7
Chaji 88. Kilomita 24. Taa: hakuna.

Leo nililala macho wazi mbele ya geti la shule. Mlinzi alinigongea akidhani nimezimia. Tresor alikuwa analia na mimi nilikuwa namsikia, lakini kama redio ya jirani. Nilimchukua, nikamnyonyesha. Mikono inajua kazi yake.

Jumatano, 9
Taa: hakuna. Kila asubuhi Senga anasema, wasichana wanaitika, tunaondoka. Sauti yake ndiyo pekee inayonisemesha bila kutaka kitu. Labda anataka. Nani anajua.

Ijumaa, 11
Taa: hakuna. Kobe yumo chini ya tepu, namjua kwa mwendo. Kakule alipiga. Njia bado. Niko sawa.

Jumatano, 16
Taa: hakuna. Magari manne. Padri ameshukuru.

Jumapili, 20. Pasaka.
Hakuna safari. Nilikwenda misa ya kiswahili, nikakaa nyuma karibu na mlango. Watu waliimba. Nilisogeza midomo.

Jumanne, 22
Naandika jioni ya siku hii hii, kabla sijasahau mpangilio. Afande akitaka kujua, yote yako hapa.

Leo Lanyero alianza mitihani ya mwisho wa muhula, hisabati saa mbili na nusu. Alama hizi ndizo zinaamua nani atakaa darasa la wale wanaoandaliwa zaidi. Wiki nzima nyumba imekuwa kimya kwa ajili yake. Mvua ilianza saa kumi alfajiri. Odur alishtua pikapu, halafu nyingine, halafu ile ya kwanza tena maana ilizimika.

Saa mbili kasoro, tumeshachelewa, niliwaingiza wasichana. Tresor nilimfunga kitini kwake. Nikabonyeza kuwasha.

Aryemo akasema, "Ndiyo, Senga."

Akajibu kwa mazoea, na mimi nilikuwa nimesharudi nyuma hadi getini ndipo kikanigusa kitu. Senga hakusema. Tangu nishike gari hili hajawahi kuacha asubuhi hata moja. Nikamuuliza Lanyero kama amesikia. Alikuwa na daftari lake magotini, akasema hasikilizagi.

Nikaendelea. Hilo nitalibeba mwenyewe: nilijua kuna kitu na nikaendelea, kwa sababu ya saa.

Tulipita barabara ya Port Bell vizuri. Bugolobi, juu kabla barabara haijashuka bondeni kwenda Namuwongo, gari likalia kengele ndogo, mara moja, halafu mfululizo. Waipa zikawa zinakwenda polepole kama mtu anayefuta meza bila moyo. Chini ya tepu kulikuwa na mwanga. Nikaingiza ukucha, nikabandua.

Nyekundu. Taa mbili nyekundu, na maandishi marefu, mistari mitatu, ambayo sijawahi kuyaona. Betri ndogo yenye jumlisha na kutoa, na pembeni duara lenye alama ya mshangao. Mbele yangu ni mteremko, maji yanashuka pande zote mbili, na chini kabisa kuna foleni ya watu wanaovuka na watoto wao. Nikakanyaga breki. Kanyagio likawa gumu kama kusukuma ukuta. Nikakanyaga kwa miguu miwili, nimejiinua kutoka kwenye kiti. Gari likaserereka taratibu, nikaligeuzia kwenye ukingo wa udongo, likaegemea, likasimama. Nikavuta breki ya kuegesha.

Nikageuka kuwaangalia watoto, wazima wote.

Nikasema, tunashuka.

Lanyero akasema hapana. Akasema ni mtihani, gari linawaka, namba ya chaji hiyo hapo themanini na moja, twende tu. Akasema mama yake amenipa kazi ya kuendesha, siyo ya kuogopa. Halafu akasema, "Hayo maandishi hata kuyasoma hujui."

"Kuyasoma sijui," nikamwambia. "Rangi naijua. Mvalishe mwenzio koti, halafu vaa la kwako."

Simu ya Afande ilikuwa imezimwa, alikuwa zamu. Odur alipokea. Alisema niachie breki, mteremko utanifikisha wenyewe, chini nitapata watu wa kusukuma. Nikakata simu. Kitu kama hicho sijawahi kumfanyia mtu aliyenizidi umri.

Nilimfunga Tresor mgongoni, mwavuli nikampa Lanyero afunike begi lake. Tulikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwenye gari nilipogeuka. Taa zake zote zikapepesa pamoja, zikazima. Dashibodi ikawa nyeusi. Lanyero aliona pia. Alinishika mkono wakati wa kuvuka, yeye ambaye hashikagi mkono wa mtu.

Tulitembea dakika hamsini. Bodaboda zilijaa zote. Alikosa nusu ya hisabati. Mwalimu alimruhusu akae amalize alichoweza, amelowa mpaka soksi.

Saa nane nilikuwa nimerudi pale kwenye gari, nalilinda. Afande akaja na Odur. Alizunguka gari mara moja. Aliniuliza kama liligonga mtu, kama watoto wameumia. Nikasema hapana. Akasema, "Lanyero wangu amekosa mtihani kwa gari ambalo halijagonga kitu." Akasema Ijumaa nimletee funguo, na mpaka mwisho wa mwezi niwe nimepata mahali.

Nikasema ndiyo Afande.

Odur akataka kuleta nyaya ashtue betri, apeleke gari nyumbani mwenyewe. Ndipo nilipomzuia mkono. Nilimshika hapa, juu ya kiwiko. Nikasema gari hili halishuki kilima hiki mpaka mtu anayejua alifungue, na kama mimi si dereva tena basi lichukueni kama neno la mtu aliyekanyaga breki hiyo leo. Afande alinitazama. Akasema, sawa, lilale hapa, Odur atalala nalo.

Alhamisi, 24
Jana mvua, Odur alilala garini. Leo nimemleta Moreen.

Moreen anatengeneza bodaboda za umeme karibu na hapo Bugolobi, pale wanapobadilishia betri. Mwembamba, ovaroli imekatwa mikono. Niliwahi kumwona akifungua betri kama mtu anayemenya ndizi. Nilimwambia tatizo, akaja na simu yake na mfuko wa vifaa. Afande naye alikuja, na Odur alikuwepo, macho mekundu ya usingizi.

Moreen akaunganisha betri yake ndogo aliyokuja nayo, dashibodi ikawaka. Akabandua tepu zote, akazikunja, akampa Odur mkononi. Akapiga picha maandishi, simu ikayatafsiri. Hakumsomea mtu. Alimpa Afande asome mwenyewe. Afande akasoma polepole kwa sauti: "Hitilafu ya mfumo. Simamisha gari mahali salama."

Akarudia lile neno, salama.

Moreen akaeleza, naandika nilivyoelewa. Kuna betri kubwa chini, hiyo inasukuma magurudumu. Na kuna ndogo mbele, kama ya gari lolote. Ndogo ndiyo inaamsha gari, inalisha waipa, kengele, breki. Ndogo inalishwa na kubwa kupitia kifaa kimoja katikati. "Mkiishtulia magari ya watu, kile kifaa kinavutwa kuliko uwezo wake," akasema. "Huyu analishwa kwa kijiko, nyinyi mnamwomba sufuria." Kimeungua. Tangu lini, hajui. Ndogo imekuwa ikijikamua yenyewe.

Rangi alinifundisha hivi. Kijani ni habari tu. Njano: hukatazwi kwenda, ila usikae nayo, tafuta mtu aangalie. Nyekundu: simama sasa, usimpigie mtu simu kwanza.

Aryemo, ambaye alikuwa nasi, akataka kujua Senga husema nini. Moreen akamsikilizisha simu, nayo ikatafsiri. Kumbe kila asubuhi anasema hakuna kadi ya kulipia barabara za kwao. Basi. Aryemo alicheka mpaka akakaa chini. "Miezi yote hiyo tunamwitikia!" Mimi pia nilitoa kitu kama kicheko. Kilikwaruza kooni.

Afande akaomba daftari. Akafungua mwezi wa tatu, akafungua wa nne. Akaweka kidole.

"Hapa umeandika hakuna. Na hapa. Na hapa. Wiki nne."

"Ndiyo, Afande. Kulikuwa na tepu."

"Ulijua iko chini."

"Nilijua."

"Kwa nini uliandika hakuna?"

Nikamwambia, "Ndilo ulilotaka kusoma."

Odur alikuwa anaangalia viatu vyake. Afande alikaa na daftari limefunguka, matone yanaanguka juu ya wino. Halafu akalifunga, akalifuta kwa kiganja, akanirudishia. Akasema, "Endelea kuandika. Lakini uandike." Kuhusu funguo za kesho na chumba hakusema.

Jumatatu, 28
Ijumaa sikupeleka funguo, na Afande hakuziuliza. Gari kwa Moreen. Wasichana kwa taxi, nawasindikiza. Lanyero amemaliza mitihani. Leo asubuhi alimbeba Tresor kutoka stendi mpaka getini, bila kuombwa.

Jumatano, 30
Gari limerudi na kifaa kingine. Kilomita 6. Taa: hakuna. Nimeangalia mara mbili, hakuna kweli. Senga amesema habari zake za kadi.

Ijumaa, 2 mwezi wa tano. Mwisho wa muhula.
Chaji 91. Kilomita 24.

Mvua alfajiri. Nilisikia pikapu inakohoa, nikatoka kabla hajagonga. Odur alikuwa anakuja na nyaya begani, nyuma yake jirani na mkewe. Nikaweka kiganja juu ya boneti, Tresor kiunoni.

Nikamwambia, "Shemeji, leo hapana."

Akacheka. "Dada, umekuwa afande?"

"Kesho pia hapana. Na mtoto wenu mwambie mke wako Jumatatu na Jumatano tu. Siku zingine nalala."

Alimtazama dada yake, aliyekuwa barazani na kikombe cha chai. Afande akanywa chai. Odur akageuka na nyaya zake. Watu watano wakaisukuma pikapu kwenye tope, ikawaka.

Mchana, mbele ya geti la shule, Kakule akapiga. Sauti ilikuwa safi, kama yuko ng'ambo ya barabara. Huenda njia itafunguka mwezi huu. Akauliza kama gari lipo, kama chumba kipo. Nikasema vipo. Akauliza niko sawa.

Nikamwambia hapana.

Akauliza ni homa? Nikasema siyo homa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kabla ya Tresor kucheka. Hakujua kwamba Tresor amecheka. Akaniambia nimweleze, ana muda, mahali alipo kuna jiwe la kukalia. Nikafungua daftari, nikaanza kumsomea tangu ukurasa wa kwanza, na wasichana walipotoka walinikuta bado nasoma, wakakaa nyuma kimya wakasikiliza.

Taa: moja. Ya njano. Si ya gari.